Skuta Chini ya Shuka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Usukani, ambaye ni mimi mwenyewe na ninajisalimu; Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye ametuma udhuru na mwakilishi; mwakilishi wa Makamu Mwenyekiti, ambaye naye ametuma mwakilishi; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi, karibu sana, naona umeshasinzia, pumzika baba; ndugu Mtahini wa Leseni, uliyefunga safari kutoka makao makuu na ambaye hupita kwetu mara moja tu kwa miezi minne; wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kona za Kushoto; wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kona za Kulia, ambao nawaomba mkae mbali kidogo na wale wa kushoto kama tulivyokubaliana baada ya yaliyotokea kikao kilichopita; wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, wakuu wa madawati, na nyinyi ambao si wakuu wa chochote lakini mmepewa viti vya plastiki; shangazi zangu wawili, mmoja mwanzo wa safu ya mbele, kushoto, na mwingine mwisho wake, kulia; wanahabari, kama wangekuja; wahitimu sitini na wanne wa mafunzo ya usukani wa skuta; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemruka ajihesabu ametajwa.

(Makofi. Karani wa ofisi, anayeinakili hotuba hii neno kwa neno, anaandika akiwa amesimama, kwa sababu kiti chake chenye magurudumu hakijaonekana ofisini tangu Jumatatu.)

Ndugu wananchi, ninasimama mbele yenu saa nane mchana, na najua kadi za mwaliko zilisema saa tatu asubuhi, lakini jambo kubwa halina budi kusubiriwa ili lionekane kubwa, na mkitazama kulia kwangu mtaona jukwaani kitu kimefunikwa shuka jeupe, nacho kitu hicho, bila kukisemea sana maana uzinduzi uko ukurasa wa kumi na nane, ndicho tunda la Mradi Jumuishi wa Kujenga Uwezo wa Usukani wa Skuta na Vyombo Vinavyofanana Nayo, ambao kwa ufupi tunauita Mradi, kwa kuwa kifupisho chake kilimshinda kukitamka hata aliyekibuni.

(Makofi. Watu wanalitazama shuka.)

Na shingoni mwangu, kwenye utepe huu mwekundu, mnaona nini? Mnaona ufunguo! Nasema hivi, na karani uandike vizuri: atakayefaulu mtihani wa leseni leo hii, mbele ya Mtahini, nitamkabidhi ufunguo huu pamoja na skuta iliyo chini ya shuka hili, aende nayo akaitumikie jamii, asiulizwe na mtu.

(Shangwe kubwa. Mkunga wa zahanati, mwanamke wa makamo aliyevaa raba zilizolika visigino na mkoba wa kazi begani, anasimama. "Samahani, Mheshimiwa. Mtahini anaondoka saa kumi na moja. Tuanze mtihani, hotuba utatumalizia tukiwa hukohuko uwanjani.")

Dada yangu mkunga, kaa, tafadhali kaa, hotuba hii ina kurasa ishirini na tatu na ndiyo kwanza niko ya pili. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

(Mkunga: "Na walisema ngojangoja huumiza matumbo, Mheshimiwa, na mimi kazi yangu ni matumbo." Vicheko. Mkunga hacheki. "Mke wa fundi cherehani, ng'ambo ya bonde, siku zake za kujifungua zimefika. Kwa miguu ni mwendo wa saa tatu. Safari iliyopita nilifika kule nikakuta mtoto ameshapewa jina. Na yule wa kabla yake..." Anaurekebisha mkoba begani. "Yule wa kabla yake sitaki kumsema mbele za watu. Mimi naomba mtihani, basi." Fundi cherehani, aliyesimama mlangoni na simu mkononi, anainamisha kichwa.)

Nimekusikia, dada, na serikali imekusikia, na kipaza sauti kimekusikia. Lakini tusizungumze kwa hisia, tuzungumze kwa takwimu, kwa maana utafiti wa fizibiliti tulioufanya umeonyesha pasipo shaka kwamba asilimia mia moja ya watoto wanaozaliwa huzaliwa, na kati yao asilimia tisini na tisa nukta nne huzaliwa bila kuhitaji wao wenyewe kuendesha skuta, kwa hiyo tatizo lipo ila linasimamiwa, na ninaomba makofi kwa takwimu hizo.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni Mwakilishi wa Mwakilishi. Ameamka, amepiga, amelala tena.)

Niwarudishe nyuma kidogo. Mradi huu ulianza na wazo, na wazo lilianza kwangu, nikiwa nimekaa siti ya nyuma ya gari la ofisi, nikaona mtu anapita na skuta, nikajiuliza: huyu anajuaje pa kupinda? Swali hilo halikuniacha nilale. Nikaunda kamati, na kamati ikaunda kikosi kazi, na kikosi kazi kikaenda ziara ya mafunzo kwenye mji wenye mizunguko mingi ya barabara, kikakaa huko siku kumi na moja kwa sababu dereva hakuweza kutoka kwenye mzunguko wa kwanza, na kiliporudi kikaleta ripoti nzito yenye matokeo makuu mawili: kwanza, skuta ina magurudumu mawili, jambo ambalo kabla ya hapo ofisini kwetu lilikuwa tetesi, na pili, magurudumu hayo hayako ubavu kwa ubavu.

(Mnong'ono. Mtahini, mzee mkavu mwenye kalamu nne mfukoni, anatazama saa. Ni saa tisa kasorobo.)

Hapo ndipo tulipoandaa Mwongozo wa Kona. Ndugu zangu, zamani mtu alikuwa anapinda tu! Anafika kwenye kona, anapinda, bila kumshirikisha mdau yeyote, bila kibali, bila muhtasari! Sisi tumesema hapana. Chini ya Mwongozo mpya, mwanafunzi anayetaka kukata kona ya kushoto atajaza Fomu Namba Saba, nakala tatu, siku kumi na nne za kazi kabla hajafika kwenye kona hiyo, naye atapata majibu kwa barua. Kona ya kulia, kwa kuwa ni nzito kidogo, itapelekwa ngazi ya juu. Na kwa kona za dharura, kwa mfano mbuzi akikatisha njia, kuna fomu nyekundu, ambayo mbuzi atasaini sehemu ya pili.

(Vicheko. Muuza mikate, anayejulikana na watu wote kwa skuta yake yenye kasha la mikate nyuma, anapaza sauti kutoka dirishani: "Na breki je, Mheshimiwa?")

Breki ziko kwenye awamu ya pili ya Mradi.

(Muuza mikate: "Ewe Mola wangu!")

Na kwa kuwa umejitokeza, bwana muuza mikate, nikuseme hapahapa, maana sina tabia ya kumsengenya mtu pembeni. Nimeletewa taarifa kwamba wewe umekuwa ukimfundisha dada mkunga kuendesha skuta kwenye njia ya nyuma ya shule, kila asubuhi kwa miezi mitatu, bila ithibati, bila mtaala, bila dira wala dhima, unamkalisha pale mbele na kumwambia, nanukuu kama ilivyoripotiwa, "Ukilitazama shimo utaliingia, wewe tazama unakokwenda." Mwisho wa kunukuu. Nakuuliza mbele ya umma: hiyo ni sayansi gani?

(Muuza mikate: "Ya mikate, Mheshimiwa. Mwaka wa kwanza niliyatazama mashimo, mji mzima ukala mikate yenye mchanga." Shangazi wa kushoto anasikika akisema, "Kweli kabisa, nakumbuka." Shangazi wa kulia anasema si kweli.)

Tusonge mbele. Mtihani wa leseni, kama ndugu Mtahini anavyojua, humtaka mwanafunzi aendeshe skuta kwa kufuata umbo la nane lililochorwa chini, mwendo mdogo, bila mguu kugusa ardhi. Mguu ukigusa, umeanguka, urudi baada ya miezi minne. Sisi tukaagiza nane ichorwe uwanjani. Mchoraji akaja na tarakimu! Bahati nzuri mwanasheria wetu yuko macho, akatukumbusha kwamba katika nyaraka zote za ofisi hii namba huandikwa kwa maneno, kwa kuwa tarakimu mtu anaweza kuighushi, nane ikawa tatu, tatu ikawa nane, ofisi ikaingia matatani. Kwa hiyo hapo nje, kwa rangi nyeupe isiyofutika, kwa herufi kubwa ambazo kila moja ina urefu wa hatua ishirini, tumechora neno NANE.

(Mtahini anavua miwani, anaifuta, anakwenda dirishani, anatazama nje, anarudi, anaketi polepole. Anamuuliza karani kwa sauti ndogo kama kuna maji ya kunywa.)

Najua mnataka kuwaona wahitimu. Wahitimu wetu sitini na wanne, popote mlipo ndani ya ukumbi huu, simameni tuwapungie mkono!

(Hasimami mtu. Kiti kimoja cha plastiki kinaanguka chenyewe.)

Mmeona? Unyenyekevu! Hiyo ndiyo moduli ya kwanza tuliyowafundisha, na imewakolea hata kuwaona hatuwaoni. Kapasiti bildingi ya namna hii hamuipati popote, na wadau wa maendeleo wakija kufanya tathmini ya impakti watarudi kwao vichwa chini.

(Mkunga amesimama tena. "Mheshimiwa, ni saa tisa na nusu." Mheshimiwa anafungua ukurasa. Mkunga anamtazama Mtahini. Mtahini anamtazama mkunga, kisha anaziangalia raba zake, zile zilizolika visigino, anaziangalia kwa muda mrefu.)

Sasa labda mtaniuliza: je, wewe Mheshimiwa mwenyewe unayo leseni? Swali zuri, nimeliandika mwenyewe. Ninayo, tena namba moja. Nilitahiniwa na kamati niliyoiongoza, na swali la mtihani lilikuwa moja, gumu, nalo ni hili: "Mheshimiwa anajua, hajui?" Kamati ikajibu kwa sauti moja kwamba anajua, na kumbukumbu zipo, na nilipata alama mia moja na nne kwa sababu mjumbe mmoja alipiga kura mara mbili kwa mapenzi yake.

(Mtahini ameomba udhuru, amekwenda msalani kwa mlango wa pembeni. Mkunga naye amekwenda msalani. Muuza mikate ametoweka dirishani, naye bila shaka amekwenda msalani. Msala ni mmoja, na uko upande mwingine.)

Naendelea. Tangu nishike wadhifa huu nimekata tepe thelathini na saba, nimefungua milango ambayo mingine haikuwa na nyumba, nimeweka mawe ya msingi ambayo watoto sasa wanayakalia wakisubiri mvua iishe, na katika kila jiwe jina langu liko upande unaopigwa na jua, na siyasemi haya kwa kujisifu, nayasema kwa sababu nimewauliza wengine wayaseme wakasema wana shughuli.

(Nje skuta inasikika ikipigwa kiki. Inakataa. Inapigwa tena, inakohoa, inawaka. Safu tatu za nyuma zinasimama na kwenda madirishani.)

Naona mnasimama. Asanteni, asanteni sana, si lazima, nimezoea kusimamiwa lakini leo mmenigusa.

(Safu mbili nyingine zinakwenda. Karani anabeba daftari na kusogea karibu na dirisha, mahali ambapo hotuba inasikika na uwanja unaonekana. Mkunga yuko juu ya skuta ya muuza mikate, kofia ngumu kichwani, kasha la mikate nyuma yake limejaa. Mtahini anaonyesha herufi ya kwanza kwa kalamu na kutikisa kichwa kama mtu aliyeyaona mengi lakini hili hakuliona.)

Wapo waliosema Mradi huu hautafika mbali. Nawauliza, mbali wapi? Nani amepima? Usukani, ndugu zangu, si jambo la mikono, usukani ni sera, ni mfumo, ni mnyororo mzima wa thamani unaoanzia kwenye wazo na kuishia kwenye ripoti, na katikati hapo ndipo skuta inapopita ikipata nafasi.

(Mkunga ameingia herufi ya N. Amepanda, amefika kona ya juu, ile iliyochongoka kama kisigino, anapinda, skuta inalala kidogo, anashuka mstari wa kati. Hajagusa chini. Shangazi wa kushoto na shangazi wa kulia wamefika dirisha moja. Hakuna lingine lenye nafasi.)

Mimi huwa nasema, kiongozi ni kama...

(Makofi.)

...sijamaliza bado, lakini nimeyapokea.

(Mkunga amemaliza A. Ule mstari wa katikati ya A ameukata kwenda na kurudi, kwa sababu Mtahini amesema herufi ni herufi, lazima ikamilike. N ya pili imekwenda kama maji. Sasa imebaki E. Juu ya E limeegeshwa gari la Mheshimiwa, refu, jeusi, limefunika mkono wa juu wa herufi na kubakiza njia nyembamba baina ya kioo chake cha pembeni na ukuta wa ofisi. Dereva wa gari amelala ndani.)

Na ninaposema vizingiti, ndugu wananchi, namaanisha wale watu wachache wasioitakia mema jamii yetu, ambao kila tukitaka kupita wao wameshajiweka katikati ya njia, hawasogei, wamelala!

(Mkunga amepunguza mwendo. Amelitazama gari. Skuta nayo imeanza kulielekea gari. Mguu wake wa kushoto unatoka kwenye skuta, unaning'inia, kiganja kimoja kutoka ardhini. Karani ameacha kupumua na anakiri hivyo katika kumbukumbu. Muuza mikate anapiga kelele: "Usilitazame gari! Dada! Tazama unakokwenda!" Uwanja mzima unaitikia. Shangazi wawili, wameshikana mikono, wanapiga kelele dirishani: "Tazama unakokwenda!")

Nimesikia! Nimesikia kaulimbiu ikitoka mioyoni mwa wananchi wenyewe! Tazama unakokwenda! Ndivyo Kamati ilivyosema tangu siku ya kwanza, na wale wanaodai maneno hayo ni ya muuza mikate waaibike.

(Mkunga ameinua uso. Ameacha kulitazama gari, anatazama mwisho wa ukuta, pale E inapokatikia. Mguu umerudi juu. Skuta imepita baina ya kioo na ukuta, mkate mmoja umedondoka, mguu haukudondoka. Imekwisha. Mtahini ameweka karatasi juu ya kasha la mikate, ameandika, amegonga muhuri. Watu wanarukaruka. Dereva wa Mheshimiwa ameamka na anauliza kuna nini.)

Asanteni! Jamani, kelele hizo hadi mimi mwenyewe naogopa! Basi, kwa kuwa mmenipa nguvu, nitarudia ukurasa wa tisa.

(Mkunga anaingia kwa mlango mkubwa, kofia ngumu bado kichwani, jasho linamtiririka, karatasi mkononi. Watu wako nyuma yake. Anapanda jukwaani. "Mheshimiwa, leseni hii hapa. Naomba ufunguo.")

Dada yangu, hongera, hongera sana, wewe ndiwe mhitimu wetu wa sitini na tano, na ripoti itakutaja, ila kama nilivyosema uzinduzi uko ukurasa wa kumi na nane na sasa hivi tuko...

(Simu ya fundi cherehani inaita. Anaipokea, anasikiliza, uso unambadilika. "Dada! Ameanza! Mama mkwe anasema ameanza tangu saa nane, walikuwa hawanipati!" Mkunga hamsubiri Mheshimiwa. Anamvua ufunguo shingoni, pamoja na utepe wake, kisha anashika ncha ya shuka na kulivuta.)

Ah! Dada! Itifaki!

(Chini ya shuka kuna kiti cha ofisini chenye magurudumu matano. Kimefungwa mpini wa ufagio mbele kwa kamba ya katani. Kila ncha ya mpini ina kioo kidogo cha kujipodolea. Kifuani kimebandikwa karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa: SKUTA. Karani anakitambua kiti hicho kwa kiraka cha gundi alichokitia mwenyewe mkono wa kulia, na anaomba kumbukumbu zionyeshe hivyo.)

Ndugu wananchi, tulieni. Kinachoonekana hapa kwa macho ya juujuu ni kiti, lakini kitaalamu hiki ni kielelezo, ni teknolojia rafiki, hakitumii mafuta, hakina moshi, kina magurudumu matano ambapo skuta za kawaida, kama utafiti wetu ulivyobaini, zina mawili tu, sasa hapo nani amepunjwa?

(Mkunga anauangalia ufunguo. "Huu unafungua nini?" Karani anajibu kwamba anaujua, ni wa kabati la majani ya chai. Mkunga anaugeuza ufunguo kiganjani. Kila mtu ukumbini anadhani atalia au atapiga mtu. "Mheshimiwa," anasema, "nimetembea miaka sita. Kila nikija ofisini kwako unaniambia skuta iko njiani. Kuna mama nilimfikia jua limeshachwea na kazi yangu ilikuwa imekwisha bila mimi. Nikikukasirikia sasa nitachelewa. Nitakukasirikia kesho." Anamvika ufunguo wake shingoni, anamnyooshea utepe ukae vizuri. "Kaa nacho kiti chako." Karani anasema, kwa heshima zote, kwamba kiti ni chake.)

Dada, usiondoke kabla ya picha ya pamoja!

(Muuza mikate mlangoni: "Dada, chukua skuta yangu. Jamani, shusheni mikate, mkono kwa mkono!" Mikate inashushwa. Shangazi wa kushoto anampa shangazi wa kulia, shangazi wa kulia anaipanga juu ya meza kuu. Fundi cherehani anapanda nyuma ya mkunga, amekumbatia mkoba wa kazi. Skuta inawaka kiki ya kwanza. Kona ya geti wanaikata bila fomu. Watu wote wametoka nje kuwasindikiza kwa macho, na hawarudi. Ni saa kumi kamili.)

Naam. Waliobaki ndio wenye nia.

(Waliobaki ni karani na Mwakilishi wa Mwakilishi.)

Sasa tufikie kilele. Ninaposema "Usukani", mtaitikia "Imara!" Usukani!

(Kimya.)

Nimesikia kwa mbali. Kona!

(Mwakilishi wa Mwakilishi anakoroma.)

Vizuri sana. Tazama unakokwenda!

(Karani anatazama mlangoni.)

Kwa hiyo, mheshimiwa uliyelala na wewe karani, baada ya kurasa ishirini na mbili hizi ambazo nimezisoma zote bila kuruka, na mbili nimezirudia, nimalizie kwa kutoa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Namshukuru mfadhili wetu mkuu, ambaye barua ya kumwomba ufadhili nitamwandikia wiki ijayo. Nawashukuru wakufunzi wetu mahiri, ambao nafasi zao za kazi zitatangazwa. Namshukuru mtaalamu aliyetuandalia kielelezo, yaani mfagizi. Naishukuru Kamati Ndogo ya Kona za Kushoto, ambayo ni shangazi yangu mkubwa, na Kamati Ndogo ya Kona za Kulia, ambayo ni shangazi yangu mdogo, na ninafurahi kwamba leo wamesemeshana. Nawashukuru kwa dhati wahitimu wote sitini na wanne, ambao majina yao niliyanakili kutoka ubao wa matangazo wa shule, timu nne za mpira na wachezaji wao wa akiba, na ambao mpaka sasa hawajui kwamba wamehitimu. Zaidi ya wote nawashukuru makao makuu kwa barua yao kali, iliyotaka ripoti ya kufunga Mradi iwafikie kabla ya Ijumaa; nasi, tukikabiliwa na ukweli kwamba Mradi wenyewe haukupata kufunguliwa, haukuwa na skuta, darasa, mwalimu wala mwanafunzi, tuliona busara kuufunga kwanza kwa mafanikio makubwa, na kuuanza tutauanza siku nyingine, Mungu akipenda na gari likipata mafuta. Kwa mamlaka niliyojipa, natamka kwamba Mradi huu, ambao haukuwahi kuwapo, umefungwa rasmi leo. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Mwisho wa hotuba, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Mheshimiwa ameondoka na gari lake, akiliendesha mwenyewe kwa kuwa dereva naye hakurudi. Katika kulitoa juu ya E ameutazama ukuta, na ameuingia. Karani amefungua kamba, ameuondoa ufagio na vioo, na ameketi kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Amekula mkate ambao muuza mikate alimpa Mtahini, naye Mtahini akasahau kuubeba. Kabla ya kulifunga daftari, simu ya ofisi imeita. Alikuwa fundi cherehani, hasikiki vizuri kwa kilio na kicheko. Mtoto wa kike, mama yake mzima. Mkunga aliwahi, hata muda wa kunawa mikono mara mbili akaupata. Karani ameuliza jina la mtoto ili aliandike hapa. Fundi amesema bado hajapewa.)